Ukungu kwenye chupa: kwa wewe unayeanza mvinyo wa mabibo

Msimu wa korosho ukifika, hapa Mtwara harufu ya mabibo, yale matunda ya mkorosho, inakufuata njia nzima. Kuanzia Septemba mpaka Desemba, ukitoka mjini kwenda Newala au Tandahimba, utaisikia asubuhi ikiwa tamu, na jua likipanda inageuka kuwa harufu ya kitu kinachochacha. Korosho inaokotwa, bibo linaachwa chini ya mti. Kilo moja ya korosho ghafi inaweza kuacha nyuma kilo nane za mabibo na zaidi, na mengi yanaozea pale pale. Mimi nimeyatengenezea mvinyo kwa misimu sita, na mvinyo wangu siuchuji. Kila anayekuja kujifunza huinua chupa kwenye mwanga na kuuliza: mbona una ukungu? Haya ndiyo ninayowajibu, na wewe unayetaka kuanza msimu ujao yachukue.

Watu wa Kusini ukungu tumekua nao. Uraka, pombe yetu ya mabibo, haujawahi kuwa mwangavu. Mabibo yanakamuliwa, maji yake yanalala usiku mmoja, kesho yake watu wanakunywa, na hakuna aliyewahi kuurudisha kwa sababu haoni upande wa pili wa glasi. Tembo la mnazi ni hivyo hivyo, na togwa pia. Lakini kinywaji kile kile kikitiwa kwenye chupa ya kioo na kubandikwa karatasi, ghafla tunakidai kiwe kama maji ya bomba. Nadhani ni kwa sababu mvinyo tuliouzoea dukani umechujwa, tukadhani ndivyo ulivyozaliwa.

Kabla ya kurudi nyumbani nilifanya kazi misimu miwili Dodoma, kwenye mapipa ya kiwanda kimoja cha zabibu. Kule ndiko nilikoelewa kazi ya chujio. Mvinyo ukimaliza kuchacha unakuwa na chembe za hamira, bakteria, vipande vya tunda na vitu vidogo zaidi visivyoonekana, kama protini na tanini (vile vitu vyenye ukakasi) zilizoshikana. Chujio la mwisho kabisa lina matundu ya maikroni 0.45, na maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Chembe ya hamira ina upana wa maikroni tano hivi au zaidi, kwa hiyo haipiti, na bakteria nao wanakwama. Mvinyo unatoka umekaa kimya, hakuna kiumbe ndani yake kinachoweza kuamka. Kwa mvinyo mtamu, na watu wetu wengi wanapenda mtamu, chujio hilo ni ulinzi wa kweli, na silidharau hata kidogo.

Kinachopotea ni uzito. Ukionja mvinyo ule ule kabla na baada ya kuchujwa kwa nguvu, unaosalia huwa mwepesi ulimini, kama mchuzi uliopunguzwa nazi. Harufu nayo hujificha kwa wiki kadhaa, kisha sehemu yake hurudi. Sitakudanganya kwamba tofauti ni kubwa kila mara. Kwenye mvinyo mweupe mwepesi mimi mwenyewe nimewahi kushindwa kuitambua. Kwenye mabibo, ambayo juisi yake ina tanini nyingi na harufu nene, naitambua mara moja.

Sasa shika hili kabla hujanunua hata ndoo: usipochuja, kazi ya chujio inabaki pale pale, ila inafanywa na muda, ubaridi na usafi wa mikono yako. Anayedhani ameruka hatua moja ataletewa deni lake Desemba, joto likishika.

Anzia shambani. Bibo lililolala chini tangu jana limekwisha kuanza kugeuka siki. Kwenye mvinyo wa kuchujwa labda utaliponya kidogo, kwenye usiochujwa utalinywa. Mimi naingia shambani alfajiri, naokota yaliyodondoka usiku ule tu, na yenye michubuko nayaacha. Zungumza mapema na mwenye shamba, kwani yeye anatafuta korosho na wewe unatafuta bibo, hamgombanii kitu. Nyonyoa korosho kwa uangalifu na usiruhusu hata moja iingie kwenye kikamulio. Mafuta ya ganda lake yanaunguza ngozi, na kinywani ni balaa. Vaa nguo ambazo huzihurumii. Doa la bibo halitoki.

Halafu ukakasi. Kila aliyewahi kutafuna bibo mbichi anajua linavyokamata ulimi na koo. Ni tanini, na zisipopunguzwa mapema mvinyo wako utakamata vivyo hivyo hata ukiukalisha mwaka mzima. Kuna wanaoyapitisha mabibo kwenye mvuke dakika chache kabla ya kukamua, inasaidia. Mimi natumia jelatini, naiyeyusha kwenye maji ya vuguvugu na kuikoroga kwenye juisi. Inashikana na tanini, vinashuka pamoja chini ya ndoo, na baada ya saa chache nahamisha juisi ya juu. Mtu ataniambia kwamba hapo nimeshasafisha. Ndiyo, nimesafisha juisi. Kusafisha kwa kushusha na kuchuja kwa matundu ni vitu viwili, na ni vizuri uvitofautishe mapema maana wanunuzi watakuuliza.

Jambo ambalo lilinichukua misimu miwili kuligundua ni uchachu. Hupimwa kwa pH, na namba ikiwa ndogo uchachu ni mkali zaidi. Juisi ya zabibu huwa na pH ya kati ya 3 na 3.8 hivi. Juisi ya mabibo mara nyingi iko juu ya 4. Ulimi hauoni tofauti kubwa, ila bakteria wanaiona. Juu ya 4 wanastawi, na dawa ya salfa, ile potasiamu metabisalfaiti, inapoteza sehemu kubwa ya nguvu zake. Kwa mvinyo ambao hautapita kwenye chujio lolote, huo ni mlango uliowaachia wazi. Nunua karatasi za kupimia pH na shusha mpaka 3.5 au 3.6. Limau linafaa. Mimi nimeishia kwenye ukwaju, tena kwa furaha, kwa sababu asidi kuu ya ukwaju ni tartariki, ile ile ya zabibu. Loweka, kamua, chemsha, acha upoe, tia kidogo kidogo huku unapima. Ukizidisha, rangi inakuwa ya kahawia na mvinyo unanukia chatini.

Sukari ni hesabu ya kawaida. Gramu 17 katika lita moja zinakupa karibu asilimia 1 ya kileo. Juisi ya mabibo huja na gramu 110 hivi kwa lita, zinazokufikisha asilimia 6 na kitu, kidogo mno kwa mvinyo wa kukaa. Kwa ndoo ya lita 20 naongeza kilo moja na nusu na kufika karibu 11. Hamira tumia ya mvinyo ukiweza kuipata. Salfa gramu 2 kwa ndoo hiyo, siku moja kabla ya hamira. Joto letu la Oktoba linafanya hamira ikimbie kama imefukuzwa, na ikikimbia inaacha harufu za hovyo, kwa hiyo kalisha ndoo ndani ya karai la maji na uifunike kwa gunia lililoloa. Gunia likikauka, lilowanishe tena, hata usiku wa manane.

Sasa tufike kwenye mashapo, maana hapa ndipo mvinyo usiochujwa unapopata tabia yake.

Mashapo ni ya aina mbili. Yanayoshuka wiki ya kwanza na ya pili ni mazito: vipande vya tunda, tanini, hamira iliyochoka. Hayo yakimbie. Ukiyaacha yakae, hasa kwenye joto la huku, mvinyo unaanza kunuka yai viza, na harufu ile ikishazoea haitoki kirahisi. Hamisha kwa mpira mwembamba kwenda dumu jingine, polepole, ncha ya mpira ikiwa chini kabisa ya dumu jipya ili mvinyo usimwagike hewani. Baada ya hapo yatashuka mengine, laini, meupe kama unga wa muhogo. Haya ni karibu hamira tupu, na ndiyo rafiki yako. Hamira inapokufa, chembe zake zinapasuka taratibu na kuachia vitu vinavyoupa mvinyo unene na ulaini, na baada ya miezi kadhaa unapata harufu ya mkate uliotoka jikoni. Tena yanafyonza hewa inayopenya, kwa hiyo yanaulinda mvinyo. Ufaransa, kwenye bonde la mto Loire, wana mvinyo mweupe unaoitwa Muscadet ambao wengine wanaukalisha juu ya mashapo yake majira yote ya baridi na kuutia chupani moja kwa moja kutoka hapo, na wanaandika hivyo kwenye karatasi ya chupa kwa fahari. Georgia, ile nchi ya Kaukazi, wanachachusha zabibu kwenye mitungi mikubwa ya udongo iliyofukiwa ardhini, wanaiita qvevri. Mashapo yanatulia kwenye kitako chake kilichochongoka na mvinyo wa juu unachotwa. UNESCO waliuweka ujuzi huo kwenye orodha yake ya urithi mwaka 2013. Nilipouona mtungi ule kwenye picha nilikumbuka mitungi ya maji ya nyumbani kwetu, namna maji ya kisimani yalivyoingia na tope na kesho yake ukayachota safi.

Mimi nasubiri kusi. Mvinyo niliokamua Oktoba nauacha upite joto la Desemba na mvua za masika, nikihamisha mara mbili au tatu, na dumu limejaa mpaka shingoni ili hewa isipate pa kukaa. Juni, kipupwe kikiingia na nyumba kupoa usiku, kinachoelea kinashuka chenyewe. Wenye nyumba Newala, juu kule, wana bahati kuliko sisi wa pwani. Unachotia chupani wakati huo kina ukungu mwepesi sana, kama kioo kilichopumuliwa, na utando mwembamba utajikusanya chini ya chupa. Huo ndio ukungu ninaoutetea. Mvinyo wa wiki tatu uliojaa tope ni mvinyo usiokomaa tu, na wapo wanaouuza wakiuita wa asili. Usiwe mmoja wao.

Msimu wangu wa kwanza sikusubiri. Nilijaza chupa 30 mwezi Novemba kwa sababu ada za shule zilikuwa zinakaribia. Mvinyo ulikuwa na utamu kidogo, nikaufurahia. Sukari ilikuwa haijaisha, na hamira ilikuwa hai, kwa kuwa hakuna chujio lililoitoa. Usiku mmoja wa Desemba tuliamka kwa mlio kama wa bunduki, kisha wa pili. Chupa 14 zilipasuka kabla ya kupambazuka, na vioo vilifika ukutani kwenye kitanda ambacho mtoto hulala mchana. Tangu siku ile sijajaza chupa bila haidromita, kipimo kinachoelea na kuonyesha sukari iliyobaki. Isome mara tatu, siku tatu tofauti, na isisogee, iwe chini ya 1.000. Mvinyo usiochujwa na wenye sukari usiutie kwenye chupa ya kuziba. Anayetaka utamu akoroge sukari mezani kwake.

Ukungu mwingine ni ugonjwa, na lazima uujue. Simamisha chupa siku mbili. Ukungu mzuri unashuka. Ukikaa palepale, washa tochi nyuma ya chupa na uizungushe polepole: ukiona nyuzi zinazometa kama hariri zinapita ndani, ni bakteria. Harufu ya siki au ya rangi ya kucha, ni bakteria wa siki na hewa. Harufu ya zizi au ya plasta ya kidonda, ni hamira ya porini aina ya Brettanomyces, na vyombo vyako vyote vinahitaji kuoshwa upya kwa maji ya moto na salfa, mpira utupe. Usijaribu kuuza mvinyo huo ukisema ndivyo ulivyo. Mnywaji akiudhika na chupa moja yenye ukungu, ameshaudhika na zetu zote.

Kuhusu kuuza nitasema machache. Alama ya TBS, shirika la viwango, na leseni huwezi kuvikwepa, na SIDO, shirika la viwanda vidogo, wanasaidia wanaoanza. Naliendele, kwenye kituo cha utafiti wa korosho, wamefundisha watu kutengeneza mvinyo, juisi na jemu za mabibo, nenda ukaulize. Majirani zangu wengi ni Waislamu, kwa hiyo ndoo ya kwanza ya kila siku ni ya juisi, na inakwisha kabla ya adhuhuri.

Kuna hoteli iliwahi kunirudishia kreti nzima ikisema mvinyo umeharibika. Haukuwa umeharibika; mhudumu alikuwa ameilaza chupa kwenye jokofu, akaitikisa akiinua, akamimina tope. Kosa langu ni kwamba sikumwambia mtu yeyote namna ya kuumimina. Sasa kila chupa ina maandishi: simamisha siku nzima, usitikise, mimina kwa mkono mmoja bila kukatisha, acha vidole viwili vya chini. Wareno wanatia mvinyo wao wa Port wa mwaka bora chupani bila kuchuja, na mpaka leo wanaumimina wakiangalia shingo ya chupa kwenye mwanga wa mshumaa mpaka mashapo yafike. Tochi ya simu inatosha.

Vile vidole viwili vya chini usivimwage. Mama mkubwa, aliyepika uraka miaka mingi kabla sijazaliwa, alikuja Julai iliyopita nikammiminia glasi ya juu, safi kabisa, nikitaka aone nimefika wapi. Akaionja, akatikisa kichwa kukubali, akaiweka chini. Kisha akaitazama chupa. "Mwanangu," akasema, "na hicho cha chini nani anakunywa?" Nikammiminia. Akakaa nacho barazani mpaka jua likazama.