Homoni humvua kaa gamba, au kaa hujivua?

Swali: Mwanafunzi wangu wa biolojia ameandika, "Homoni ya kwenye jicho humvua kaa gamba." Je, ni sahihi, au aandike "kaa huvuliwa gamba"?

Jibu: Kisarufi sentensi imekaa sawa, kitenzi ndicho kilichoiponza. Humvua huifanya homoni kuwa mtenda na kaa kuwa mtendwa, kama mama amvuavyo mtoto shati. Kaa hafanyiwi hivyo. Hufyonza maji mpaka mwili ukavimba, gamba kuukuu likapasuka kwa nyuma, naye akatoka kinyumenyume, akichomoa mguu mmoja baada ya mwingine na kuacha hata utando uliofunika matamvua yake. Kazi yote hiyo ni yake, kwa hiyo ji ya kujitendea haikwepeki: kaa hujivua gamba. Huko Tanzania usemi huu ulitiwa siasa chama cha CCM kilipoushika mwaka 2011, lakini usiuache darasani kwa sababu hiyo. Nyoka na kaa walikuwa nao kabla ya chama chochote.

Huvuliwa ndiyo siipendi kabisa hapa. Mtu wa pwani akisikia "kaa wamevuliwa" anaelewa kwamba wamenaswa.

Sasa homoni yenyewe. Ile itokayo kwenye kikonyo cha jicho, yaani kijiti kinachobeba jicho, inayotengenezwa na ogani X, haichochei kujivua bali huzuia. Huibana ogani Y, iliyo upande wa mbele wa mwili, isitoe ekidisoni, homoni inayochochea kujivua, kwa wingi. Kizuizi kikipungua, ekidisoni hupanda na kaa huanza kujiandaa: gamba jipya, laini, huumbika chini ya lile la zamani. Ndiyo maana mwanabiolojia Charles Zeleny, katika majaribio aliyoyachapisha mwaka 1905, alipoondoa vikonyo vya macho vya kaa aliwaona wakijivua mapema kuliko kawaida. Sentensi ya mwanafunzi wako inasema kinyume cha jambo hilo.

Kwenye kuzuia napendekeza "humzuia kaa asijivue." Wapo wanaosahihisha "-si-" iliyo ndani ya "asijivue" wakidhani ni ukanushi uliorudiwa bure. Sivyo. Kiswahili husema "alimzuia asiende", na maana yake ni kwamba hakwenda.

Basi mwanafunzi aandike: "Homoni ya kikonyo cha jicho humzuia kaa asijivue gamba; ikipungua, ekidisoni huongezeka na kumwandaa ajivue."