Wakurugenzi wa Nairobi wana imani. Je, nichukue mkopo?

SWALI: Assalamu alaykum, Mama. Nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Mokowe, Lamu, huu mwaka wa sita. Shemeji yangu aliyeko Nairobi ametutumia habari ya utafiti: wakuu wa makampuni wameulizwa, na wengi wana matumaini kwamba biashara jijini itapanda katika miezi 12 ijayo. Mume wangu anasema wakati ndio huu, tuchukue mkopo wa shilingi 1,200,000, tujenge ghala la pili na tulijaze saruji. Marejesho ni shilingi 45,000 kwa mwezi, miaka mitatu. Kwa sasa nauza kama mifuko 900 kwa mwezi, na kila mfuko unanibakishia shilingi 40. Wale wana wataalamu, mimi nina daftari tu. Nifuate imani yao?
Mwenye duka, Mokowe

JIBU: Waalaykumu salaam, mwanangu. Usichukue mkopo huo kwa sababu ya habari hiyo. Ukiuchukua, sababu itoke ndani ya daftari lako, na daftari hilo usiliite "tu" mbele yangu. Mimi nimeshika daftari la duka la jumla hapa Lamu, Usita wa Mui, kwa miaka 26.

Kwanza ujue utafiti huo unafanywaje. Benki Kuu ya Kenya huwauliza wakuu wa makampuni kila baada ya miezi miwili, kabla kamati yake ya sera ya fedha haijakaa kuamua riba. Upo pia mwingine wa kila mwezi wenye jina la Stanbic, unaouliza makampuni kama 400: oda mpya zimepanda, zimeshuka au ziko palepale? Wafanyakazi je? Bidhaa ghalani je? Na mwaka ujao mnautazamiaje? Majibu ya mwezi huo hugeuzwa tarakimu moja, na lile la mwaka ujao huhesabiwa peke yake. Ikizidi 50, hali imekuwa nafuu kuliko mwezi uliopita. Ikiwa chini ya 50, imekuwa mbaya zaidi.

Chukua wauzaji kumi wa sokoni pale mbele ya Ngome. Wanne wanasema mauzo yamepanda, wanne yako vilevile, wawili yameshuka. Wale wanne wa kwanza ni 40, na wa "vilevile" huhesabiwa nusu, yaani 20. Jumla 60. Ukisoma gazetini "60" utasema soko limechangamka. Lakini aliyeongeza mauzo ya kilo mbili za vitunguu na aliyeongeza gunia kumi wamehesabiwa sawa. Tarakimu inakuonyesha upepo unavuma kutoka wapi. Nguvu yake haikwambii.

Sisemi ni upuuzi. Oktoba 2017, wakati wa marudio ya uchaguzi wa urais, kipimo hicho cha kila mwezi kilianguka hadi 34 na pointi kidogo, na Aprili 2020, korona ilipofunga kila kitu, kikaanguka tena hadi hapohapo. Sote tunakumbuka jinsi mitaa ilivyokuwa mitupu. Wakurugenzi wakiogopa huacha kuajiri na kuagiza, na hofu hiyo hutufikia. Ila tazama walioulizwa ni nani na wanatazama nini. Mkurugenzi wa Nairobi anatazama oda za viwanda, kodi, bei ya dola, foleni ya wateja wa jijini. Yeye hamjui fundi wako wa pale Hindi, jirani na Mokowe, anayenunua mifuko mitano leo na kulipa baada ya mavuno. Kitakachokufikia Mokowe kutoka kwake ni bei ya dizeli, bei ya saruji kiwandani na riba ya benki. Hayo yafuatilie kila wiki. Matumaini yake mwachie mwenyewe.

Nikusimulie yaliyotupata. Tarehe 2 Machi 2012, marais wa Kenya na Sudan Kusini na waziri mkuu wa Ethiopia walikuja Lamu kuweka jiwe la msingi la bandari. Gati 32 zilitajwa, reli ikatajwa, bomba la mafuta likatajwa. Kila mwenye suti aliyeshuka uwanja wa ndege wa Manda alikuwa na imani. Tajiri yangu naye akaamini, akaagiza majahazi mawili ya saruji kutoka Mombasa, mifuko 400. Mimi niliandika oda ile kwa mkono wangu, na nilikuwa na imani kama yeye.

Mwezi uliofuata masika yakaanza. Barabara ya Garsen ilikuwa bado ya udongo, malori hayapiti, na wakandarasi tuliowangoja hawakuja. Saruji, mwanangu, ni kama mkate, ina umri wake. Mwezi wa Julai niliingia ghalani na rula ya mbao, nikawa nagonga mfuko mmoja mmoja. Mzima unanyamaza, ulioharibika unatoa mlio kama mlango. Niligonga yote 400. Iliyolia ilikuwa 173. Niliandika idadi ile kwa kalamu nyekundu, na tajiri yangu akaketi juu ya mifuko yake mwenyewe asiseme kitu mpaka adhana ya alasiri. Miaka miwili baadaye likatokea shambulio la Mpeketoni, ikaja amri ya kutotoka usiku, biashara ikalala kabisa. Gati ya kwanza ilifunguliwa Mei 2021. Waliosema bandari itakuja hawakusema uongo, ilikuja. Sisi tulinunua saruji ya 2012 kwa gati ya 2021.

Sasa hesabu yako. Marejesho 45,000, faida ya mfuko 40. Ukigawa unapata mifuko 1,125 kila mwezi, ya kulipa benki peke yake, juu ya ile 900 unayouza sasa. Unatakiwa kuuza zaidi ya maradufu kuanzia mwezi wa kwanza, Ramadhani na masika yakiwemo. Je, umeshawahi kumrudisha mteja kwa kukosa saruji? Kaa na mumeo, pigeni hesabu ya miezi 12 iliyopita: ni mara ngapi mtu alitaka mifuko ukamwambia imekwisha, na alitaka mingapi? Kama jumla haifiki hata 200 kwa mwezi, ghala la pili litahifadhi hewa.

Mimi ningetazama mambo mawili zaidi. Moja ni arbuni. Watu wakianza kukuachia pesa kabla mzigo haujafika, hiyo ni imani yenye pesa ndani yake, na mimi huiamini kuliko utafiti wowote. La pili ni siku za deni. Andika kila mkopeshwa alichukua lini na amelipa lini. Mwaka jana walilipa kwa siku 20 na mwaka huu ni 45? Basi wateja wako wamebanwa, hata wakikwambia kazi ziko nyingi. Wanaojenga miradi ya serikali uwaandike ukurasa wa peke yao, maana wao hungoja malipo yao kwanza.

Ukiona dalili zote ni nzuri, anza na kukodi stoo ya mtu kwa miezi sita. Mumeo si mkaidi, ameona fursa. Mwonyeshe ile 1,125, kwa upole.

SWALI: Mama, shikamoo. Nasimamia nyumba ya wageni Malindi. Tunapigiwa simu kila mwezi na watu wa utafiti wa biashara. Bosi anataka nijibu "vizuri" siku zote ili mji usiharibike jina. Tena kila Mei tukijibu ukweli ni "tumeshuka". Nifanyeje?
Msimamizi, Malindi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Jibu ukiwa umefungua kitabu cha wageni. Mei ya Malindi inajulikana: kusi limevuma, bahari imechafuka, Waitaliano wamerudi kwao. Watafiti wazuri huondoa athari ya msimu kwenye tarakimu zao kabla ya kuzitoa, kwa hiyo "tumeshuka" yako ya Mei haiuchafui mji. Jina la nyumba yenu halitangazwi pia, majibu huchanganywa na ya wengine. Ila kila nyumba ikisema "vizuri" mwezi ambao vitanda viko vitupu, atakayedanganyika ni mvuvi anayefikiria kununua boti ya pili, na yule binti wa mboga anayewaletea mchicha asubuhi. Mwambie bosi wako hivyo, na umtaje binti huyo kwa jina, maana anamjua.