Anza na Ardhi: Kwa Unayetaka Kuchakata Mikopo ya Nyumba Uganda

Ukitaka kazi ya kuchakata mikopo ya nyumba hapa Uganda, anza na ardhi. Hesabu za riba utazishika mapema, na mfumo wa kompyuta wa benki utaonyeshwa na mwenzako wa meza ya pili. Ardhi haina mwalimu wa haraka, na kwa niliyoyaona ndiyo inayokwamisha mafaili kuliko mshahara mdogo au deni la zamani. Nimefanya kazi hii Kampala kwa miaka, nimewapokea wageni kwenye idara yetu, na waliosimama imara ni wale waliokuwa tayari kuvaa buti wakaenda kutazama kiwanja.

Kwanza tuielewe kazi. Ofisa mauzo ndiye anayemleta mteja. Kamati ya mikopo ndiyo inayokubali au kukataa. Katikati yupo mchakataji. Yeye hupokea nyaraka na kuzihakiki, huchukua ripoti ya mteja kutoka CRB, kampuni inayotunza rekodi za madeni ya watu, huagiza upekuzi wa hati katika rejista ya ardhi na uthamini wa nyumba, kisha hupanga faili liende kwa mchambuzi. Mkopo ukipita, ni yeye tena anayefuatilia barua ya ofa, hati ya rehani, malipo ya serikali, bima, na usajili katika ofisi ya ardhi ya kanda hadi fedha itoke. Mteja akipiga simu saa mbili usiku kuuliza fedha imefika wapi, anayelijua jibu ni wewe.

Sasa ardhi. Katiba ya 1995, ibara ya 237, inatambua aina nne za umiliki: wa kimila, wa huru (usio na kikomo cha muda), wa mailo na wa lisi (wa kupangishwa kwa miaka maalumu). Usizikariri tu kwa ajili ya usaili. Kila moja ina namna yake ya kukutia matatani.

Mailo ilitokana na Mkataba wa Buganda wa 1900, na mashamba mengi yanayozunguka Kampala, yaani Kyadondo, Busiro na Kyaggwe, yamo humo. Kwenye mailo mwenye hati anaweza kuwa mtu mmoja na anayeishi pale akawa mwingine kabisa, mwenye kibanja, yaani anayeikalia ardhi ya mwenye hati, na sheria inawalinda wote wawili. Sheria ya Ardhi ya 1998 inamlinda mtu aliyekuwa amekaa au kulima pale kwa miaka 12 au zaidi kabla ya Katiba ile bila mwenye ardhi kumpinga. Huyo jina lake halimo kwenye hati. Upekuzi utarudi safi, bila zuio wala rehani ya zamani, na bado kuna familia tatu na makaburi ya babu zao kwenye ardhi unayotaka kuishika. Ndiyo maana ripoti ya mthamini usiisome kwa kurukia ukurasa wa thamani. Soma pale anapoeleza nani anaishi hapo, nani amepanda migomba, njia inapita wapi. Asipoeleza, mrudishie aeleze. Ukiweza, nenda mwenyewe, msalimie mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, ongea na majirani. Mzee aliyekaa kijiji kimoja maisha yake yote atakueleza katika robo saa mambo ambayo hakuna rejista inayoyaandika.

Lisi ina jambo lake la kuhesabu: miaka iliyobaki. Mkopo wa miaka 20 haukai juu ya lisi iliyobakiza 12. Angalia pia nani alitoa lisi hiyo, kama ni bodi ya ardhi ya wilaya, Buganda Land Board ya Ufalme wa Buganda au mtu binafsi, na kama masharti yake yanadai idhini kabla ya kuweka rehani. Mteja asiye raia wa Uganda anaweza kuwa na lisi tu. Ukiona jina lake kwenye hati ya umiliki huru, simamisha faili na uulize.

Kuhusu ardhi ya kimila naomba uwe na moyo. Sisi tunaotoka West Nile tunajua, na ndugu zetu wa Acholi na Lango wanajua, kwamba sehemu kubwa ya ardhi kwetu ni ya familia na ukoo. Mwalimu wa Arua mwenye mshahara mzuri atakuja na barua ya ukoo na uso wenye matumaini, na benki nyingi hazitaipokea. Mwambie siku ileile. Usimwache agharimie uthamini kwanza. Mweleze pia kwamba iko njia ya kugeuza ardhi hiyo kuwa ya umiliki huru, kupitia kamati ya ardhi ya eneo na bodi ya ardhi ya wilaya, mradi familia imekubaliana. Ni njia ndefu, lakini nimewaona watu wakiimaliza.

Kuna kitu kimoja ambacho karatasi haziwezi kukuonyesha hata zikiwa halali zote: kama nyumba imesimama kwenye kiwanja kilichoandikwa. Nakumbuka nyumba moja nzuri upande wa Gayaza. Hati safi, upekuzi safi, mwenye nyumba mtu mwaminifu. Mpima ardhi alipofungua mipaka ikaonekana nyumba imo kwenye kiwanja cha jirani, na kile cha kwenye hati ni cha nyuma, chenye migomba. Alionyeshwa vibaya siku ya kununua, akajenga kwa nia njema. Bahati yake jirani alikuwa mtu wa kusikilizana, wakabadilishana viwanja mbele ya mawakili na mkopo ukatoka baadaye. Kwa jirani mgomvi lile lingekuwa jambo la mahakama. Tangu hapo mgeni yeyote anayekaa karibu nami namwambia: ripoti ya mpima iwe mkononi kabla ya barua ya ofa.

Jambo la pili ni ndoa. Sheria ya Rehani ya 2009 hairuhusu nyumba ya familia iwekwe rehani bila ridhaa ya mwenzi, na inaitaka benki yenyewe ichukue hatua za kujua kama mteja ana mume au mke na kama wanaishi kwenye nyumba hiyo. Sahihi peke yake haitoshi. Mwenzi lazima aelezwe masharti, na apate ushauri wa mtu asiye upande wa benki, au aandike kwamba ameiacha nafasi hiyo kwa hiari yake. Mahakama zetu zimefuta rehani kwa sababu hii, na kesi hizo zinasomeka.

Hapa ndipo Kiswahili kinapokuwa chombo cha kazi. Utakutana na mke wa askari kambini, au mama mfanyabiashara wa Busia, anayeongea Kiswahili kizuri na Kiingereza hakisomi. Karatasi zote ziko kwa Kiingereza. Mume anasema, "Mama, weka sahihi hapa, tumeshaongea." Usikubali. Iko sheria ya zamani inayowalinda wasiojua kusoma, na inamtaka anayeandika hati kwa niaba ya mtu kama huyo aweke jina lake na anwani yake, na athibitishe kwamba ameisoma na kuielezea kwa lugha anayoielewa. Mkalishe mama, mume akae nje kidogo, mwambie wazi: nyumba hii ikishindwa kulipiwa, benki inaweza kuiuza. Itatoa kwanza taarifa ya siku 45 za kazi, kisha nyingine ya siku 21 za kazi. Mwambie marejesho ni shilingi ngapi kila mwezi na kwa miaka mingapi. Halafu muulize swali na usikilize anavyojibu. Nimeona akina mama wakikataa baada ya kuelezwa, na mteja akaondoka kwa hasira, na sijaona meneja mwenye akili aliyelalamika.

Tuje kwenye hesabu. Fanya kwa mkono mara chache kabla ya kuiachia Eksel, ili takwimu mbaya ikipita mbele yako uishtukie. Chukua mkopo wa shilingi milioni 100 kwa riba ya asilimia 17 kwa mwaka, miaka 15. Marejesho yanakuwa kama 1,539,000 kwa mwezi. Mwezi wa kwanza, takriban 1,417,000 kati ya hizo ni riba, na deni lenyewe linapungua kwa 122,000 tu. Urefushe hadi miaka 20: marejesho yanashuka hadi karibu 1,467,000, yaani mteja anapata nafuu ya 72,000 kwa mwezi. Jumla atakayolipa inapanda kutoka milioni 277 hadi milioni 352. Milioni 75 kwa nafuu ya 72,000! Wateja wengi hawajawahi kuonyeshwa takwimu hizo mbili pamoja. Waonyeshe.

Upande wa pili wa hesabu ni mfuko wa mteja. Mtu wa mshahara wa milioni 4, kwa ngazi za PAYE (kodi ya mshahara) zilizowekwa 2012, hukatwa kodi ya 1,102,000, na NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, huchukua asilimia 5, yaani 200,000. Ukiacha kodi ndogo ya huduma ya mtaa, mkononi anabaki na 2,698,000. Kama sera ya benki yako ni marejesho yasizidi nusu ya hapo, kikomo chake ni 1,349,000, na ule mkopo wa milioni 100 wa miaka 15 haumtoshi. Utamtosha wa karibu milioni 87. Kisha soma taarifa yake ya benki mstari kwa mstari. Makato ya SACCO, mikopo ya simu inayochukuliwa tarehe 20 na kulipwa tarehe 28, fedha inayoingia mara moja kuongeza salio kabla ya maombi, vyote viko pale. Mfanyabiashara wa Kikuubo, mtaa wa maduka ya jumla Kampala, hana hati ya mshahara, lakini ana daftari, risiti za mzigo, na taarifa za fedha za simu. Ukikaa naye kwa heshima mkazipanga pamoja, kipato chake kinaonekana vizuri tu.

Sasa cheti. Wenzangu wametoka kwenye uhasibu, sheria, biashara na uchumi wa ardhi. Makerere inafundisha uchumi wa ardhi, MUBS, chuo cha biashara cha Makerere pale Nakawa, ina masomo ya biashara na benki, na Taasisi ya Uganda ya Mabenki na Huduma za Fedha ina mafunzo kwa watu walio kazini. Chochote kati ya hivyo kinakufikisha mlangoni. Kama ada ni tatizo, usikae ukisubiri. Tovuti ya ULII ina sheria za Uganda na hukumu za mahakama bila malipo. Soma Sheria ya Rehani ya 2009 na kanuni zake za 2012, Sheria ya Ardhi, na Sheria ya Usajili wa Hati. Uwe mwangalifu na namba za vifungu: sheria zilipangwa upya katika toleo la 2023, kwa hiyo kifungu unachokikuta kwenye hukumu ya zamani huenda sasa kina namba nyingine. Kisha soma hukumu za kesi za rehani, moja kila mwisho wa wiki. Kila hukumu ni faili la mchakataji fulani lililofunguliwa mbele ya jaji, na utaona waziwazi karatasi ipi ilikosekana.

Jizoeze pia kuandika kwa ufupi. Mchambuzi wa mikopo ana mafaili mengi mezani. Ukurasa mmoja unaosema mteja ni nani, anaomba nini, hati iko wapi, nini kimekamilika na nini bado, utakupa jina zuri kuliko tai ya bei.

Kuna mawili ya tabia. Siri za wateja ni siri, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakubana hata ukiwa bado mwanafunzi wa mazoezi. Mshahara wa mtu hauongelewi kwenye kantini wala kwenye boda. La pili ni "kitu kidogo", yaani rushwa. Atakuja mtu wa katikati kukuambia upekuzi utatoka leo ukimpa kitu, au mteja atataka kukushukuru kabla faili halijaenda kwenye kamati. Kataa mapema na kwa upole, mbele ya mtu mwingine, wala usieleze sana.  Mpe mteja orodha ya malipo yote rasmi ya faili lake na risiti zake zote, ajue kila shilingi ilikwenda wapi. Mteja mwenye risiti hadanganywi na mtu wa katikati.

Kuhusu kupata nafasi ya kwanza, vijana wengi hutuma maombi Housing Finance Bank na benki nyingine kubwa tu, kisha wanakata tamaa. Tuma huko, ndiyo. Lakini peleka barua pia kwa kampuni za mawakili na za wathamini zilizo kwenye orodha za benki, na kwa SACCO kubwa ya wilayani kwenu. Kampuni ya wathamini itakupeleka uwanjani kila wiki. Ofisi ya wakili itakutuma kufuatilia usajili katika ofisi ya kanda ya Wakiso au Mukono hadi makarani wakujue kwa jina. Omba mazoezi ya miezi mitatu, na siku ya kuomba uwe umeshasoma hukumu kadhaa unazoweza kuzieleza kwa maneno yako mwenyewe.