Ramarama imeota unga wa njano: nipogoe au niache?

SWALI: Uani kwangu, hapa Nelson, New Zealand, nina kichaka cha ramarama, kile chenye majani yaliyovimbavimba. Novemba machipukizi yaliota unga kama manjano ya kusaga, nikayakata yote. Wiki tatu baadaye umerudi maradufu. Nimekosea wapi? Na je, naweza kuwapelekea jamaa zangu Pemba vipandikizi? – Msomaji, Nelson

JIBU: Hiyo ni kutu ya mihadasi, yaani ya mimea ya jamii ya ramarama; ni kuvu iitwayo Austropuccinia psidii. New Zealand bara ilionekana mwaka 2017. Wakulima wa kahawa wanaijua kutu ya majani, na hii ni ya kundi hilohilo la kuvu. Ramarama (Lophomyrtus bullata), ambayo asili yake ni New Zealand tu, ni kati ya mimea inayoumia zaidi.

Mkasi hauna kosa. Kosa ni mwezi. Kutu hii hailisumbui sana jani lililokomaa. Inachotafuta ni chipukizi laini, ua na tunda changa. Ukipogoa Novemba kichaka huchipua upya, nawe umeiandalia karamu. Majani yakikesha na maji kwa saa sita hivi, hali ya hewa ikiwa nyuzi 15 hadi 25, spora (chembe za unga huo, mfano wa mbegu za kuvu) huota, na baada ya wiki mbili hivi unga mpya umetoka. Zako zilikuwa tatu!

Kwa sasa weka mkasi chini. Usitie mbolea ya naitrojeni wala usimwagie maji majanini. Ukipulizia dawa ya kutu, fuata kipimo cha lebo, lowesha pande zote mbili za machipukizi, na badilisha aina ya dawa ili kuvu isizoee. Maua yakifunguka, acha, nyuki wapo.

Pogoa Juni hadi Agosti, majira ya baridi huko kwako, siku kavu isiyo na upepo. Vika tawi mfuko wa plastiki kabla ya kulikata, kisha lifukie sentimita 50 au zaidi. Lisiingie kwenye mboji. Futa mkasi kwa spiriti, na nguo zifuliwe siku hiyohiyo kwa sababu spora hung'ang'ania kitambaa.

Pemba, usithubutu. Mkarafuu, mpera na mzambarau ni jamii moja na ramarama, na kipandikizi chaweza kuonekana kizima huku kuvu imo ndani. Ukitaka ramarama zaidi, ziotesha hapohapo Nelson kwa mbegu: chuma matunda yaliyoiva yasiyo na unga, osha nyama yote, panda mbichi, funika udongo kidogo tu. Huchelewa kuota, kwa hiyo usimwage trei mapema.