Almasi ya D au ya I kwa pete ya dhahabu ya njano?

Swali: Shikamoo fundi. Nataka kumvisha mchumba wangu pete, yeye anapenda dhahabu ya njano, na jiwe nimechagua la duara nusu karati. Dukani wamenitolea mawili, yote yana cheti cha GIA, ile taasisi ya Marekani inayopima almasi, moja rangi D lingine I, na la D bei yake imechangamka kweli. Muuzaji ananiambia la I lina unjano nitakuja kujuta. Mi nikiangalia sioni tofauti, macho yangu ndo mabovu au?

Jibu: Marahaba kijana wangu. Macho yako mazima kabisa, chukua la I.

Ngoja nikueleze hizo herufi maana watu wengi wanapigwa hapo. Zinaanzia D hadi Z, A hamna, kwa sababu GIA walipopanga hiyo mizani miaka ya 1950 walikuta wauzaji kila mtu ana A yake, wengine wanaandika hadi A tatu, wakaona bora waanze na herufi ambayo haijachafuliwa. D, E na F hazina rangi, G mpaka J ni kama hazina, kuanzia K kushuka ndo unjano unaanza kujionyesha wenyewe. Na unjano wenyewe mara nyingi ni naitrojeni iliyoingia kwenye jiwe huko chini ya ardhi, sio uchafu wala jiwe bovu.

Sasa sikiliza jinsi wanavyopima. Jiwe linalazwa kifudifudi, ncha juu, kwenye kitu cheupe, chini ya taa maalum, pembeni wanaweka mawe ya mfano ya kulinganishia. Kwa nini kifudifudi? Kwa sababu ukiliangalia kwa juu lile la duara linarusha mwanga mpaka rangi inajificha. Na mchumba wako atalivaa uso juu, tena limezungukwa na dhahabu ya njano ambayo inaliambukiza rangi yake hata likiwa D! Yaani unalipia weupe halafu unauzamisha kwenye unjano. Angetaka dhahabu nyeupe au platinamu ningekwambia panda mpaka G au H, hapo chuma cheupe kinalichongea jiwe. Kwa njano I na J zinatosha, hata K mi nimeziweka na wenyewe wanazivaa kwa raha zao. Ila ungekuwa unachukua la mviringo wa yai au la mstatili, au karati mbili huko, ningekuwa mkali zaidi, maumbo hayo na ukubwa vinaonyesha rangi haraka.

Ukitaka kuhakikisha mwenyewe rudi dukani, omba karatasi nyeupe uikunje katikati, weka mawe yote mawili kifudifudi kwenye mkunjo, yahemee kidogo yapate ukungu, hapo tofauti utaiona. Halafu yageuze uso juu uyaweke juu ya pete ya njano uniambie unaona nini. Usiangalie chini ya zile taa kali za kabati tu, toka nalo mlangoni kivulini, na siku hiyo usivae shati la njano maana jiwe linaokota kila rangi iliyo karibu. Soma na cheti pale kwenye fluoresensi, yaani jiwe linavyowaka likipigwa mwanga wa ultravioleti, kama imeandikwa kali na ni ya bluu jiwe linaweza kuonekana jeupe zaidi juani kuliko usiku sebuleni, kwa I hiyo mara nyingi inasaidia, mradi liwe halina ukungu kama maziwa.

Halafu wanaosema rangi ni kasoro nawashangaa, Mwadui pale Shinyanga mwaka 1947 lilitoka la pinki karati 54.5, Williamson mwenye mgodi akampa Elizabeth zawadi ya harusi kabla hajawa malkia wa Uingereza, likaja kukatwa likabaki 23.6. Mbona huyo hakulalamika rangi.

Hela utakayookoa iweke kwenye ukataji, kwenye cheti utafute daraja la juu kabisa, ndo unaolifanya jiwe liwake, la I lililokatwa vizuri linalipiga bao la D lililokatwa ovyo. Na kipimo cha kidole umeshapata? Kama bado chukua kimyakimya pete yake moja anayovaa kidole hichohicho uniletee, nikipima naandika namba unairudisha kabla hajashtuka.