Ukoo wa Hastinapura: nani mtoto wa nani, na kiti kilikuwa cha nani

Wasomaji wangu habari zenu. Mwezi huu maswali ya Mahabharata, ile hadithi ndefu ya kale ya India ya Pandava (watoto 5 wa Pandu) na Kaurava (watoto 100 wa kaka yake Dhritarashtra) kupigania kiti cha Hastinapura, ndo yamejaa, naona hizo flashi za movie za kutafsiriwa zimeshafika kila mtaa, kuanzia Kibirizi mpaka Ng'ambo Tabora, basi safu nzima leo ni hiyo hiyo, wenye maswali ya ndoa na mikopo mnivumilie mpaka toleo lijalo.

Swali: Shikamoo mjomba. Niko Kibirizi hapa Kigoma, nyumbani tunaangalia Mahabharata na wifi zangu na tumebishana mpaka tumenuniana. Bhishma kila mtu anamuita babu, Pandava babu, Kaurava babu, lakini huyo mtu aliapa hataoa na hana mtoto hata mmoja. Ni babu kivipi? Na hiyo damu ya kifalme wanayouana kwa ajili yake ilitoka kwa nani?

Jibu: Marahaba mwanangu, wifi zako wasalimie. Bhishma ni babu wa nyumba na wa heshima, kwa damu sio babu yao kabisa, hata tone. Twende taratibu maana hapa ndo watu wengi wanapotea.

Mfalme Shantanu wa Hastinapura alimuoa kwanza Ganga, yaani ule mto wenyewe umekuja kwa umbo la mwanamke, wakazaa watoto 8, mama yao akawatosa 7 mtoni wakiwa wachanga, wa 8 ndo akapona, Devavrata, ambaye baadae ndo Bhishma. Ganga akarudi zake. Miaka ikapita, mzee Shantanu akamuona Satyavati, binti wa mkuu wa wavuvi, kazi yake kuvusha watu kwa mtumbwi kwenye mto Yamuna. Akampenda, akaenda kuposa. Sasa baba mvuvi (huyu mzee alikuwa mjanja kuliko washauri wote wa ikulu) akasema sawa, ila mtoto atakayezaliwa na binti yangu ndo arithi kiti. Shantanu akashindwa kujibu akarudi nyumbani ananyong'onyea, Devavrata akaja kuambiwa kisa akaenda mwenyewe kwa mvuvi akasema kiti nimeacha. Mvuvi hakuridhika, akauliza na watoto wako je, wao si watakuja kudai? Hapo ndo kijana akaapa hataoa wala kugusa mwanamke mpaka kufa kwake. Fikiria, posa ya baba imekula ndoa ya mtoto.

Satyavati akazaa wawili, Chitrangada na Vichitravirya. Wa kwanza akauawa vitani hajaoa, wa pili akaozeshwa mabinti wawili wa mfalme wa Kashi, Ambika na Ambalika, akafa kwa ugonjwa wa kifua bila mtoto. Kiti kikabaki kitupu kabisa. Satyavati akamwambia Bhishma wazalie wajane hawa, desturi inaruhusu, ni mambo ya kurithi mjane ambayo wazee wetu nao wanayajua. Bhishma akakataa, kiapo ni kiapo. Ndo mama akatoa siri yake ya usichana: kabla ya kuolewa, mzee mtakatifu Parashara alipanda mtumbwi wake akazaa nae mtoto, Vyasa, yupo msituni. Vyasa akaitwa. Alikuwa mchafu, nywele zimejisokota, ana harufu, basi Ambika akafumba macho akazaa Dhritarashtra kipofu, Ambalika akapauka kwa woga akazaa Pandu aliyepauka, na Ambika alipoambiwa arudie akamtuma mjakazi wake kimyakimya, akazaliwa Vidura, mwenye akili kuwashinda wote.

Sasa wifi zako wapigie hesabu. Bhishma ni mtoto wa Shantanu na Ganga. Vyasa ni mtoto wa Parashara na Satyavati. Hawa wawili hawachangii baba wala mama, kinachowaunganisha ni marehemu Vichitravirya tu, kwa Bhishma ndugu wa baba mmoja, kwa Vyasa ndugu wa mama mmoja. Kwa hiyo Dhritarashtra na Pandu hawana damu ya Shantanu. Na haikuishia hapo, Pandu nae alilaaniwa kwamba akilala na mke wake tu anakufa, kwa hiyo Kunti akawazaa watoto wa Pandu kwa miungu: Yudhishthira kwa Dharma, Bhima kwa Vayu, Arjuna kwa Indra, alafu Madri mke mdogo akapata mapacha Nakula na Sahadeva kwa Ashvin. Damu ya upande wa kiume imekatika mara mbili ndani ya vizazi viwili! Mtu pekee mwenye damu ya Shantanu kwenye vita nzima ya Kurukshetra, ndo hiyo ya Pandava na Kaurava, ni yule mzee aliyeapa hataki kiti.

Lakini kisheria hakuna aliyesema hawa sio watoto wa nyumba. Kitanda hakizai haramu, na sheria zao za zamani zilikuwa hivo hivo, mtoto ni wa mume wa mama yake hata kama mume ni marehemu, na ndo maana Bhishma anakuwa baba mkubwa wa Dhritarashtra na Pandu na babu wa wengine wote, shikamoo zote zinamstahili.

Kitu ambacho movie hawakikazii, mimi naona ndo kitamu zaidi, ni kwamba damu ya ukoo haikupotea, ilipita kwa wanawake. Satyavati hakuzaliwa na yule mvuvi, alilelewa tu, alipatikana tumboni mwa samaki na baba yake wa kweli alikuwa mfalme Vasu wa Chedi, mtu wa ukoo wa Puru, ukoo uleule wa Hastinapura. Yaani binti wa mtumbwi ndo alirudisha damu ya Puru ikulu na hakuna aliyempigia ngoma. Wazee wa Unyamwezi hili haliwasumbui, zamani sehemu nyingi huko utemi ulienda kwa mtoto wa dada maana mtoto wa dada hata ufanyeje ni damu yenu.

Swali: Kaka, mimi ni timu Duryodhana, yule mkubwa wa Kaurava, niko Ng'ambo Tabora. Baba yake Dhritarashtra ndo kaka mkubwa, akanyimwa kiti kwa sababu ya upofu tu. Duryodhana anadai haki ya baba yake, kosa lake nini? Mbona anafanywa shetani?

Jibu: Kaka hoja yako ina miguu. Dhritarashtra ni mkubwa kweli, akarukwa kwa upofu, Pandu akatawala, Pandu alipofia msituni kiti kikamrudia yule kipofu, kwa hiyo kijana aliyekulia ikulu anamuona baba yake kwenye kiti kila siku, alafu wanatokea binamu 5 kutoka msituni wanaambiwa wao ndo wenyewe, lazima ukasirike.

Ila ukoo huu kuruka mkubwa ni jadi, sio jambo la Pandu peke yake. Anza mbali kwa Yayati, mfalme wa zamani kabisa wa ukoo huu. Huyu alilaaniwa azeeke kabla ya wakati kwa kuzaa na Sharmishtha kwa siri huku ana mke, Devayani, akapewa nafasi moja: apate mtoto wa kubadilishana nae ujana. Akamwomba Yadu mkubwa, akakataa. Turvasu, Druhyu na Anu nao wakakataa. Puru, wa mwisho kabisa, akakubali kubeba uzee wa baba yake miaka 1000, basi Puru ndo akapewa kiti na Yadu akaambiwa uzao wako hautakuwa wafalme. Akaja Bharata, yule ambaye India yenyewe wanaiita Bharat kwa jina lake, alikuwa na watoto wa kiume 9 akawaangalia wote akaona hakuna wa maana, mrithi akapatikana kwa njia ya sadaka. Alafu Pratipa, baba yake Shantanu, alikuwa na watatu: Devapi mkubwa ana ugonjwa wa ngozi watu wakamkataa akaenda msituni, Bahlika akaenda kurithi kwa wajomba zake, kiti kikamwangukia Shantanu mdogo.

Na unajua nani alimkumbusha Duryodhana mlolongo huu mbele ya baraza zima kabla ya vita? Baba yake mwenyewe. Dhritarashtra alitaja Yadu, akamtaja Devapi, akasema mimi mwenyewe nilikosa kwa kasoro ya mwili, sasa wewe unadai mwana wa asiyekuwa mfalme? Tena hata kwa umri Yudhishthira alizaliwa kabla ya Duryodhana.

Kwa hiyo mimi simlaumu kwa kudai, namlaumu kwa pale alipoombwa vijiji 5 tu ili vita isiwepo akajibu hawapati ardhi hata ya kuchomeka ncha ya sindano. Hapo timu yako inabidi mkae kimya kidogo.

Na kama ni ukubwa basi mkubwa wa kweli ni Karna bana. Kunti alimzaa kwa Surya, mungu jua, kabla ya kuolewa, akamweka kwenye kisanduku akamwachia mto. Krishna, aliyekuwa upande wa Pandava, alimfuata kabla ya vita akamwambia kisheria na wewe ni mtoto wa Pandu, njoo uvae taji, Yudhishthira atakusimamia. Karna akamjibu usimwambie Yudhishthira, maana akijua ataniachia ufalme na mimi nikiupata nitampa Duryodhana. Mimi kwa mtu huyu ndo naishiwa maneno, kuliko Duryodhana mara 100.

Swali: Ujiji hapa. Krishna anawahusu nini hawa watu mpaka anaingia kwenye ugomvi wa familia? Ni rafiki tu au ndugu?

Jibu: Ndugu wa karibu sana. Kunti ni dada wa Vasudeva, baba yake Krishna, kwa hiyo Kunti ni shangazi wa Krishna, na Arjuna na Krishna ni mtoto wa shangazi na mtoto wa mjomba. Jina la Kunti la kuzaliwa ni Pritha, baba yake Shura alimtoa akalelewe kwa Kuntibhoja ambaye hakuwa na mtoto. Alafu Arjuna akamuoa Subhadra, dada wa Krishna, yaani binti wa mjomba wake mwenyewe, kwa wale mnaouliza kama inaruhusiwa, kwao iliruhusiwa.

Ila kuna jambo hapa. Krishna na Kunti ni Yadava, uzao wa yule Yadu aliyerukwa na Yayati. Baada ya vita watoto wote 5 wa Draupadi, mke wa Pandava wote 5, wamechinjwa usiku na Ashvatthama, mpiganaji wa upande wa Kaurava, Abhimanyu mwana wa Arjuna na Subhadra ameshakufa uwanjani, kikabaki kimimba kimoja tu, cha Uttara mjane wa Abhimanyu. Mtoto akazaliwa mfu, Krishna akamfufua, ndo Parikshit, na ndo akawa mfalme wa Hastinapura. Bibi yake mzaa baba ni Subhadra, Myadava. Mama mzaa babu yake ni Kunti, Myadava. Yadu aliambiwa hatapata kiti, akakipata kwa mabinti zake, nilikwambieni damu kwenye ukoo huu inapita kwa wanawake. Hata kule Indraprastha, mji walioujenga Pandava, mwishoni akawekwa Vajra, kitukuu cha Krishna.

Swali: Mimi mwalimu, Kasulu. Hawa wafalme waliishi kweli?

Jibu: Mwalimu, hadithi yenyewe iliandikwa na kuongezewa kwa karne nyingi, wataalam wanakadiria kati ya mwaka 400 kabla ya Kristo na 400 baada yake, na inahesabiwa kuwa na beti kama 100,000. Ufalme wa Kuru ulikuwepo kaskazini mwa India, jina la Parikshit limo kwenye Veda, maandiko matakatifu ya kale ya Wahindu, akisifiwa kama mfalme wa Kuru, na mji wa Hastinapur ulichimbwa na mwanaakiolojia B. B. Lal mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakakuta vyungu vya kijivu vilivyochorwa na dalili za mafuriko. Vita yenyewe ya siku 18 na wale watoto 100 wa Dhritarashtra waliokuzwa kwenye mitungi ya samli, hayo waachie wasimuliaji.

Swali: Isevya, Tabora. Gandhari, mke wa Dhritarashtra, alizaa 100 wakafa wote vitani. Je, uzao wake ndo uliisha kabisa?

Jibu: Hapana dada yangu, walikuwa 101. Gandhari alijifungua pande la nyama, Vyasa akalikata vipande 101 vikawekwa kwenye ile mitungi ya samli, cha mwisho akawa binti, Duhshala, movie nyingi zinampitia juujuu kama hayupo. Dhritarashtra alikuwa na mtoto mwingine tena kwa mjakazi, Yuyutsu, ambaye alivuka akapigana upande wa Pandava na akapona, ila huyo hakutoka tumboni kwa Gandhari.

Duhshala aliolewa na Jayadratha mfalme wa Sindhu, Arjuna akamuua vitani, binamu kamfanya mjane. Baadae Yudhishthira alipofanya sadaka ya farasi, Arjuna akawa anamfuata farasi nchi kwa nchi anapigana na kila anayemzuia, akafika Sindhu. Watu wa pale wakamvaa kwa hasira za mfalme wao, lakini Suratha, mtoto wa Duhshala, aliposikia tu Arjuna yupo nchini akaanguka akafa. Duhshala akatoka mwenyewe mpaka katikati ya mapigano amempakata mjukuu wake mchanga, mtoto wa Suratha, akamwambia Arjuna mhurumie huyu. Arjuna akaweka upinde chini, akalaani ubishi wa Duryodhana uliowafikisha hapo, akamkumbatia dada yake, vita ikaisha. Huyo mchanga ndo kitukuu cha Gandhari, na amepita kwa binti.

Wa Urambo uliyeuliza ya Rama na Sita, swali lako nimelitunza, huo ni ukoo mwingine kabisa, wao ni wa jua na hawa wa leo ni wa mwezi, nikiwachanganya humu wifi za Kibirizi watanuniana upya.