Plasta ya mbele inabanduka: tupige saruji?

SWALI: Shikamoo Mzee. Mimi na ndugu zangu tumerithi nyumba ya ghorofa mbili Mkunazini, Unguja. Plasta ya ukuta wa mbele inabanduka vipande vipande na kila masika unyevu unapanda. Fundi anashauri tubandue yote tupige saruji, tutie madirisha ya alumini, na tuvunje baraza tupate mlango wa duka. Kaka anasema nyumba ni yetu, ruhusa ya nini? – Mrithi, Mkunazini

JIBU: Marahaba mwanangu. Nyumba ni yenu, sikatai. Ila Mkunazini ni sehemu ya Mji Mkongwe, nao umo katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na kazi ya kubadili uso wa nyumba hupitia Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Mkianza kimya kimya mnaweza kusimamishwa katikati, jukwaa limeshapandishwa na fundi ameshachukua kianzio chake. Mwambie kaka hivyo. Lugha ya fedha ataielewa.

Linalonikera mimi ni hiyo saruji.

Ukuta wenu ni wa mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo. Hunyonya maji chini ardhini na kwenye mvua, kisha hukauka taratibu kupitia plasta ya chokaa. Ukiuziba kwa saruji, maji yanabaki ndani na kuzifuata ncha za boriti. Zile ncha zimezama ukutani, hakuna anayeziona. Zinaoza humo humo huku nje nyumba inang'ara, hadi siku dari inaposhuka na watu wanashangaa, "Mbona juzi tu wameitengeneza!" Nyumba za namna hii hazipigi hodi. Sote tuliona Disemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, lile jumba la kifalme la 1883 hapa Mji Mkongwe, ilipoporomoka na kuua watu.

Kwa hiyo kabla ya plasta, chukua bisibisi. Ingia vyumba vya mbele, panda ngazi, choma kila boriti pale inapoingia ukutani. Ikigoma, alhamdulillahi. Ikizama kama kwenye muhogo uliochemshwa, muache fundi wa plasta apumzike, muite wa boriti kwanza. Kisha kagua bafu la juu. Nimeona paipu ya bafu ikiumiza ukuta kuliko masika yote, na hakuna plasta itakayotibu hilo.

Mkifika kwenye plasta yenyewe, gonga ukuta kwa mpini wa nyundo. Panapolia utupu, bandueni. Palipo pazima, paacheni. Huyo anayetaka kubandua yote pengine anahesabu mita za malipo. Chokaa iwe imelowekwa ikaiva, mchanga uwe wa shimo, si wa pwani wenye chumvi. Pigeni tabaka jembamba, likauke, ndipo jingine, na jua likiwa kali mfunike kwa magunia yaliyoloweshwa maji. Ni kazi ya polepole, na fundi mwenye haraka ataichukia. Juu yake pakeni chokaa, msipake rangi ya plastiki. Nayo inaziba vilevile.

Alumini sikushauri, na sitarajii ikubaliwe mbele. Fremu za zamani mara nyingi huoza chini tu: seremala mzuri hukata kipande kibovu akaunga mbao mpya, na luva, vile vibao vya kupitisha hewa, zikabaki.

Baraza msiliguse. Mvua ikijaa uchochoroni watu hupita juu yake, na jioni wazee wenu wanakaa wapi? Duka mkilitaka, ulizeni kama chumba cha chini kinaweza kutumia mlango uliopo. Na akija mtu kutaka kununua mlango wa kuchonga, mpeni kahawa aende zake.

Mkienda kuomba, chukueni picha za ukuta ulivyo sasa, mchoro wa mnachotaka, na maelezo ya vifaa na rangi. Muhimu zaidi, nendeni na saini za warithi wote. Maombi ya mirathi yenye ndugu mmoja anayenung'unika Dar es Salaam ni maombi ya kulala.

Ukishachoma boriti, niandikie umekuta nini. Kama kuna ufa, piga picha yake na uweke rula kando nijue upana.